Monita Aliyoichagua Benedikta

Miaka ile Bariadi ikiwa bado chini ya Shinyanga, na mkoa wa Simiyu haujaota hata kwenye ndoto za wanasiasa, mtu akitaka kupendeza kwenye picha alikwenda Somanda kwa Mama Milembe. Hakwenda kwa mumewe, ingawa kamera ilikuwa ya mumewe, chumba kilikuwa cha mumewe, na jina lililoandikwa juu ya mlango kwa herufi za buluu lilikuwa JOAKIM FOTO STUDIO. Joakim alikuwa anapiga tu. Kupiga picha, watu walisema, hata mlevi anaweza kwa bahati mbaya. Kazi ilikuwa kwenye rangi, na rangi ilikuwa ya Benedikta, ndiye huyo Mama Milembe.

Joakim Mayala alikuwa karani wa ushirika wa pamba mpaka soko lilipofunguliwa na makampuni binafsi yakaingia na mizani yao. Ushirika ukayumba, makarani wakapunguzwa, naye akarudi nyumbani na kiinua mgongo chake mfukoni na uso wa mtu aliyezabwa kofi asijue nani kamzaba. Wenzake walinunua ng'ombe, mmoja akafungua baa akaanza kuinywa mwenyewe. Joakim alinunua kamera. Ukoo mzima ulimcheka: mwanamume mwenye akili zake kanunua kisanduku cha kuchungulia watu! Benedikta hakucheka. Aliuliza tu kama hicho kisanduku kinaona rangi, na Joakim alipomwambia kinaona, akasema basi watakula.

Swali hilo halikuwa la bure. Benedikta alikuwa binti wa mzee Luhende wa Nkololo, na kwa kuwa watoto wa kiume walichelewa kuzaliwa kwao, yeye ndiye aliyechunga. Kwa wafugaji ng'ombe akipotea huendi kwa watu kuuliza kama wamemwona ng'ombe mwekundu. Watakucheka mpaka urudi kwenu. Mwekundu gani? Wa kichuguu kikavu au wa udongo uliolowa? Wekundu wake unaishia shingoni au unashuka mpaka kwato? Ana weupe wa maziwa au wa majivu? Benedikta alikua akijibu maswali hayo, na mzee Luhende alikuwa akijisifu pombeni kwamba binti yake anaweza kumtambua ndama wake katikati ya makundi ya kijiji kizima, tena kwa mgongo tu.

Zamani za filamu, Joakim alipiga, akapeleka Mwanza kusafishwa, akarudi na bahasha. Benedikta alikaa nayo mlangoni penye mwanga, akazipanga picha pajani moja moja.

"Huyu siye," alikuwa akisema. "Mwanza wamemtia manjano. Huyu dada ni maji ya kunde, siyo papai."

Na picha ilirudi Mwanza, na watu wa Mwanza walinuna, lakini walirekebisha.

Harusi ndizo zilizompa jina. Bwana harusi wa kule mara nyingi ni mweusi kama udongo wa mbugani ukinyeshewa, naye bibi harusi amekwisha kuwekwa ndani akisuguliwa mpaka anang'aa, na juu yake limewekwa gauni jeupe na shela. Ukimfuata bwana kwa mwanga na rangi, bibi anageuka mzuka. Ukimfuata bibi, bwana harusi anabaki meno na kola ya shati. Wapiga picha wengi walichagua mmoja wa kumwokoa, na kwa kawaida walimwokoa aliyelipa. Benedikta aliwaokoa wote wawili. Kompyuta ilipoingia studio, ya mtumba, kutoka ofisi moja iliyofungwa, sista wa parokiani alimfundisha kuitumia, na Benedikta alipoonyeshwa kwamba nyekundu, kijani na buluu unaweza kuzisogeza kidogo kidogo kwa kidole, alisema kwamba kumbe Mungu naye ndivyo anavyofanya. Sista aliguna, lakini hakumkosoa.

Katika ndoa yao palikuwa na sheria moja isiyoandikwa. Joakim aliamua habari ya mwanga, mtu asimame wapi, ashike mkono wapi. Ikishafika kwenye rangi, neno la mwisho lilikuwa la mkewe. Hakuwahi kumpinga hata siku moja, wala mbele ya mteja wala wakiwa peke yao, na alikuwa na fahari na jambo hilo kama wengine wanavyojivunia zizi.

Maradhi yalianzia kwenye nyanya. Benedikta alikuwa sokoni, ameinama juu ya fungu, anachagua kama alivyochagua maisha yake yote, na yule mama muuzaji akamshika mkono.

"Mayu, hizo mbichi. Unapika mchuzi au unapanda?"

Wakacheka wote wawili. Benedikta aliziangalia zile nyanya. Zote zilikuwa na rangi moja, rangi ya vumbi. Alichukua alizopewa, akaenda nazo nyumbani, akazipanga kwenye sinia juani, akazitazama tena. Zilikuwa za vumbi vilevile. Alikaa pale mpaka jua likamuumiza kichwa.

Alikwenda hospitali peke yake, siku ambayo daktari wa macho alikuja kutoka nje ya wilaya. Aliaga kwamba anakwenda jumuiya ya kanisani. Daktari alimmulika, akamwonyesha kadi za rangi, akamuuliza namba zilizofichwa ndani ya vidoadoa, na Benedikta akawa anabahatisha kama mtoto asiyesoma.

"Si mtoto wa jicho, mama," daktari alisema. "Mtoto wa jicho tungemtoa. Huu ni mshipa wenyewe, ule unaopeleka picha kichwani. Unanyauka. Rangi ndiyo hutangulia kuondoka, hasa nyekundu. Baadaye na mengine."

"Dawa yake?"

Daktari alikuwa mtu mwema, na kwa sababu hiyo alichelewa kujibu. Benedikta akaelewa kabla hajafungua mdomo.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Sawa, wahenga walisema, na sina ugomvi nao. Lakini wahenga hawakuwa na mume aliyekwisha kufukuzwa kazi mara moja. Benedikta alikumbuka jinsi Joakim alivyokuwa akikaa uani miezi ile baada ya ushirika, mikono juu ya magoti, anaamka mapema na kuvaa shati la kazi halafu hana pa kwenda. Alikumbuka alivyorudi kuwa mtu siku ile studio ilipopata foleni. Foleni ile ilikuwa inafuata rangi, na rangi ilikuwa ndani ya macho yake yeye Benedikta. Akisema, anamfukuza mume wake kazi mara ya pili. Basi akafunga mdomo. Na tuseme ukweli wote: aliogopa pia kwa ajili yake mwenyewe. Kila mtu aliyepita Somanda alimsalimia kwa sababu ya jicho lake. Bila jicho angekuwa mwanamke mwingine tu anayepepeta mchele.

Akawa anafanya kazi kwa kumbukumbu. Alijua kwamba mtu wa maji ya kunde anataka vipimo hivi, na mweusi tii vipimo vile, akawa anazisogeza zile rangi kama mtu anayetembea gizani nyumbani kwake. Lakini nyekundu ilizidi kumkimbia, na kila ilipomkimbia aliifuata kwa kuiongeza. Nyuso za watu wa Bariadi zikaanza kuiva. Wateja walikuwa waungwana, wakasema labda ni karatasi. Mmoja akasema labda ni jua la mwaka huu.

Anatoli wa Migato hakuweza kuwa mwungwana, na hakuna wa kumlaumu. Baba yake, mzee Constantine, alikuwa amefariki, na familia ilikuwa na picha yake moja ndogo, ya zamani, imefifia. Walitaka ikuzwe na kupewa rangi, iwekwe mezani siku ya kumaliza matanga. Anatoli aliifungua bahasha pale pale studio, akaitazama, akaiweka chini taratibu.

"Mama, sisi tunakuheshimu," alisema. "Lakini baba yangu alikuwa mweusi. Unamjua, umemwona kanisani miaka yote. Huyu mzee mwekundu kama aliyepakwa udongo ni nani? Nitamweka vipi mbele ya mama yangu?"

Benedikta aliichukua picha, akaisogeza karibu na uso. Aliona mzee, kofia, tabasamu la upande. Hakuona wekundu wowote. Alifungua mdomo aseme kitu, na Joakim, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akawahi.

"Ni monita," alisema. "Anatoli, utusamehe. Monita yetu imechoka, inamdanganya mama. Anaona kitu kimoja, printa inatoa kingine. Tutairudia bure, na kabla ya kuirudia tutanunua monita nyingine."

Na Benedikta, Mungu amsamehe, alilidaka neno hilo kama mtu anayezama anavyodaka nyasi. Monita! Kwa nini isiwe monita? Ilikuja ikiwa kuukuu, ilikuwa inawaka kwa kusuasua, daktari naye ni binadamu na wanadamu hukosea. Usiku ule alilala usingizi aliokuwa ameusahau.

Siku iliyofuata walikwenda kwa Hilali, mwenye duka la vitu vya umeme jirani na soko. Hilali alikuwa ametoka Dar na shehena ya monita za mtumba, na dukani palikuwa na watu, wengine wakisubiri redio zao, wengine wakisubiri tu. Joakim alikuwa amekuja na sidii yenye picha ya harusi, ile ngumu kuliko zote: bwana mweusi tii, bibi maji ya kunde, gauni jeupe, nyuma yao ukuta wa kanisa. Hilali aliiweka, akaunganisha monita zilizobaki, ya kwanza, ya pili na ya tatu, picha ileile ikawaka kote, na watu wote dukani wakageuka kutazama.

"Haya, mtaalamu kaja," Hilali alisema kwa heshima. "Mama, mimi leo nafunga mdomo. Chagua mwenyewe."

"Mama Milembe ndiye anayejua," Joakim aliwaambia wale watu, na kifua chake kikajaa. "Mimi nabeba tu."

Ya kwanza ilikuwa ya kisasa, bapa, nyembamba kama kitabu. Joakim aliinama, akasimama, akainama tena. "Hii ukiinama bwana harusi anapotea, ukisimama bibi harusi anapauka. Sasa mtu atajuaje kichwa akiweke wapi?" Watu wakacheka. Ya pili ilikuwa ya kichogo, kubwa, imetulia. Joakim aliizunguka, akasema si mbaya, si mbaya hata kidogo, nyuzi za kola zinaonekana.

Benedikta alikuwa anatazama ukungu. Aliona watu wawili wa vumbi wamesimama mbele ya ukuta wa vumbi, mara tatu. Alijua duka zima linamsubiri. Akafanya kitu ambacho mke wa miaka mingi tu ndiye anayeweza kukifanya: aliacha kutazama monita, akamsikiliza mumewe. Kwa sababu Joakim alikuwa na tabia moja. Kitu asichokitaka alikizungumzia, hata kukisifu ili kisijisikie vibaya. Kitu alichokipenda kweli kilimnyamazisha. Alinyamaza alipoonyeshwa Milembe siku aliyozaliwa. Alinyamaza alipomwona yeye Benedikta kisimani Nkololo, mpaka wenzake wakadhani ni bubu.

Joakim akafika mbele ya ya tatu, nayo ya kichogo. Akanyamaza.

Hakuinama, hakuzunguka. Benedikta alisogea karibu yake, akaona kwamba gauni la ile ya tatu lilikuwa linang'aa kuliko mengine, na hilo likamtosha.

"Hii," alisema, kwa sauti ya mwenye kazi yake.

Watu dukani wakatazamana. Hilali akakohoa. "Mama, hiyo mimi nimeiunganisha tu hapo ili..."

Maneno yakamkatika ghafla.

"Mama ameshasema," alisema Joakim. Sauti ilimtoka imekauka kidogo, na Benedikta akadhani ni bei. "Tufungie hiyo hiyo."

Waliifunga kwa mpira kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, Joakim akiisukuma, Benedikta akitembea kando na mkono wake juu ya boksi isije ikateleza. Watu waliwasalimia njiani, mwadila, mwadila, naye akaitikia kwa furaha. Alikuwa amevuka mto. Alihisi mwepesi, akaanza kuongea, yeye ambaye kwa kawaida njiani haongei.

"Umeiona ile shela, Baba Milembe? Kwenye ile kuukuu yetu tusingeiona vile. Imetakata yote, mpaka kule pembeni begani."

Joakim alisimamisha baiskeli. Aliinama, akaukaza mpira ambao ulikuwa umekaza, akaufungua, akaukaza tena.

"Imetakata," alisema.

Wakaendelea na safari.

Picha ya mzee Constantine ilirudiwa, na Anatoli alipokuja kuichukua aliisogeza kwenye mwanga. Aliitazama, akavua kofia. Machozi yakamtoka hapo hapo studio, mwanamume wa Migato mwenye mabega mapana. "Wabeja, mama," alishukuru baadaye. "Sasa huyu ndiye. Mama yangu atamsalimia." Harusi za msimu wa pamba zikaja, mabwana na mabibi wote wakaokolewa, foleni ikarudi, na jirani mmoja akasema kumbe ilikuwa monita kweli.

Benedikta alifurahi mpaka inauma kuieleza furaha hiyo. Kila asubuhi alikwenda misa, na huko alikuwa amemwomba Mungu jambo moja tu, na sasa aliona amejibiwa. Alitoa sadaka ya shukrani. Alipouziwa tena nyanya mbichi, au tuseme alipozichagua mwenyewe, alimlaumu muuzaji. Na ule ukungu kwenye monita mpya? Alijiambia monita nzuri ndivyo zilivyo, zinatuliza. Alisogeza rangi zake kwa kumbukumbu, akahifadhi kazi, akazima. Picha zilipotoka watu walizisifu, na kusifiwa ni dawa kali. Ukiinywa kila siku unasahau kwamba ulikuwa mgonjwa.

Joakim wakati huo alikuwa ameanza kukonda. Alisema ni tumbo.

Siku moja mchana, Joakim amekwenda kupiga picha za ubatizo, Asumini akaja studio kuchukua pasipoti saizi zake. Asumini alikuwa mke wa Hilali, mtu wa maneno mengi na roho safi, mmoja wa wale wasioweza kukaa kimya kwenye chumba chenye kiti. Benedikta alimkaribisha ndani apumzike jua lipungue. Asumini akaketi, akaiona monita inawaka, akapiga makofi mara moja.

"He! Kumbe hii mmeichukua nyie! Mimi nilidhani mume wangu ananitania. Mama Milembe, mnafanyaje kazi na doa lote hili?"

"Doa," alisema Benedikta.

"Si hili hapa! Limekula kona nzima, zambarau huku, kijani huku, kama mtu kamwaga mafuta ya taa kwenye maji. Hilali aliiweka karibu na maspika makubwa, sumaku ikaiharibu. Alikuwa ampe fundi aivunje apate vipuri. Siku ile aliiwasha tu mwisho wa mstari ili zile mbili zionekane nzuri, si unajua wafanyabiashara! Akataka kukwambia, anasema mzee Joakim akamkanyaga mguu hivi, mpaka kidole kikavimba. Nikamwambia watu wa picha wana mambo yao, labda hilo doa lina kazi."

"Lina kazi," Benedikta alisema. Akacheka, na kicheko kilitoka vizuri kabisa. "Tumeshalizoea."

Alimpa Asumini picha zake, akamsindikiza mpaka barabarani, akaulizia watoto wake wote kwa majina. Kisha akarudi ndani, akakaa mbele ya kile kioo.

Alitazama kona ya juu, akatazama kona ya chini. Alisogea mpaka pua ikagusa. Alihama kiti, akatazama kwa upande. Watu wawili wa vumbi walikuwa wamesimama mbele ya ukuta wa vumbi.

Na hapo ndipo mengine yakaja yenyewe, moja likilivuta jingine. Kama kioo kina doa, na macho ni yaleyale, zile picha nzuri zilitoka wapi? Nani alimrudishia Anatoli baba yake? Kila aliporudi misa alikuta mto wa kiti una joto. Alikuwa amelihisi joto hilo siku zote, akadhani ni jua la dirishani, na dirisha lenyewe linatazama magharibi. Kumbe alipokuwa kanisani amepiga magoti anaomba, Joakim alikuwa hapa amekaa, anazifungua kazi zake alizohifadhi jana, anatoa wekundu uso kwa uso, halafu anamwachia yeye sifa. Mungu hakuwa amejibu chochote. Aliyejibu alikuwa Joakim.

Hakulia. Kulia kulikuwa mbali bado. Alikaa tu.

Joakim alirudi jioni jua likiwa bado juu ya paa za Somanda, akaweka begi la kamera, akavua viatu. Aliuliza kama kuna maji ya kunywa, na alipoona hajibiwi akaja mlangoni.

"Asumini alikuja," Benedikta alisema bila kugeuka.

Joakim alisimama pale pale. Alitazama monita, akamtazama mkewe, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyetua mzigo na hapo hapo akagundua alikuwa amebeba maiti.

"Ulijua lini?" aliuliza mwanamke.

"Sikujua." Joakim alikaa chini, sakafuni, kama mtoto. "Nilipoliona lile doa dukani nilishangaa, nikanyamaza. Ukasema, hii. Nikajiambia Benedikta anaona nisichokiona, lazima hili doa lina maana yake, siku zote yeye ndiye anayeona. Nilikuwa nasubiri tufike nyumbani unieleze. Halafu njiani ukasema shela imetakata mpaka begani." Alijishika bega. "Doa liko begani, Mama Milembe. Limelala begani kwa bibi harusi."

"Na dukani kwa nini hukunizuia? Ungesema tu, hii hapana."

"Mbele za watu? Nikupinge wewe, kwenye rangi, mbele za watu?"

Nje watu walipita wakisalimiana.

"Na wewe?" Joakim aliuliza kwa sauti ndogo. "Wewe ulijua lini?"

"Tangu kabla ya Anatoli. Nilikwenda hospitali. Haitibiki. Rangi zinatangulia, halafu yote." Aliyasema haraka kama mtu anayemwaga maji machafu mlangoni. "Niliogopa utarudi kukaa uani."

Joakim alitoa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia kutoka kwake. Miezi yote ile kila mmoja alikuwa amemficha mwenzake jambo lilelile, katika chumba kimoja, juu ya kiti kimoja, kwa upendo mwingi usio na faida yoyote.

"Nionyeshe lilipo," Benedikta alisema.

"La nini sasa?"

"Nionyeshe. Ni monita yangu, niliichagua mimi."

Joakim aliinuka, akaja nyuma yake. Alikishika kidole cha shahada cha mkewe, akakiweka juu ya kioo chenye joto, karibu na kona ya juu.

"Linaanzia hapa," alisema. Akakivuta kidole taratibu, akakishusha. "Linapita hivi, huku zambarau. Hapa linakuwa kijani. Linapita juu ya ukuta wa kanisa, linakuja mpaka hapa. Hapa ni bega lake. Linaishia hapa." Akakirudisha tena mpaka kilipoanzia, wakalizunguka doa lote, mkono wa mume juu ya mkono wa mke. "Ni kubwa. Unaliona?"

Benedikta alifungua macho yote mawili kadiri yalivyoweza kufunguka. Angeweza kusema ndiyo; ulimi ulikuwa umeshazoea.

"Hapana," alisema. "Sioni, Joakim. Sioni kitu."

Joakim hakukiachia kile kidole. Nje mtu alibisha hodi, akabisha tena, akaondoka.